Maji Yaliyokuwa Yakipotea Usiku



Wasomaji wetu watukufu, na hasa nyinyi mama zetu mnaoyajua maji kwa kuyabeba kuliko sisi tunaoyajua kwa kuyatumia, juma hili tumeona tuzungumze juu ya tangi. Hapa Mombasa maji ya mfereji hayaji kila siku. Kila mtaa una siku zake, na mwenye uwezo huweka tangi darini, kisha yakikatika hununua mitungi ya lita 20 kwa wenye mikokoteni. Tangi likiisha kabla ya siku yake, hiyo ni fedha na ni uchovu, na aghalabu ni ugomvi pia.

Familia moja ya hapa mjini, iliyoturuhusu kulisimulia jambo hili bila ya kutaja jina, ina tangi la lita 1,000. Lilikuwa likiwatosha siku tano. Ghafla likawa halimalizi siku ya pili. Bwana akapanda kulitazama, akaliona zima, na kuta za nyumba kavu, na mifereji yote imefungwa barabara. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Kwanza alituhumiwa jirani wa ukuta mmoja kuwa amejiungia bomba. Pakachimbwa, pasionekane kitu. Kisha ikasemwa kuwa mtumishi wa nyumba huwauzia watu maji wenyewe wakilala. Akaulizwa mbele ya majirani, mfuko wake wa nguo ukapekuliwa, na mshahara wake wa mwezi ukazuiliwa. Akaondoka kwenda kwao Kaloleni huku akilia.

Na maji yakaendelea kupotea.

Mtu angedhani kuwa hilo peke yake latosha kumtakasa yule binti. Lakini dhana mbaya ikishazoea nyumba haifukuziki kwa ushahidi, hutafuta tu mtu mwingine wa kumshika. Bibi mzee akasema, "Maalim, nyumba hii si bure, kuna mkono wa mtu," na wakaja kwetu kutaka kombe.

Kombe twaliandika, na Qur'ani ni shifaa, hilo hatulikani. Lakini kabla ya kutia zafarani katika sahani tuliwauliza: maji hayo hupungua saa ngapi? Hakuna aliyejua. Wiki tatu nyumba nzima ilikuwa ikiulizana nani, wala hapana aliyeuliza lini. Tukawaomba watie alama penye kina cha maji baada ya Isha, watu wote wakiwa wamekwisha kutawadha na kuoga, kisha watazame tena kabla ya Alfajiri. Asubuhi maji yalikuwa yameshuka, na hapana mtu aliyeyagusa. Usiku wa pili wakafunga koki ndogo iliyo chini ya tangi la choo cha kuvuta maji. Kulipokucha, maji yalikuwa pale pale kwenye alama.

Ndani ya tangi lile la choo, chini kabisa, mna mpira unaoziba tundu. Ukivuta maji, mpira huinuka. Maji yakisha kutoka, hurudi mahali pake na tangi likajaa tena, mpaka boya likapanda na kuufunga mfereji wake. Maji mengi ya visima vyetu vya pwani hupita katika mawe ya matumbawe, nayo hubeba chokaa, ile ile muionayo nyeupe ndani ya birika la chai. Chokaa hiyo ilikuwa imeganda ukingoni mwa tundu, na mpira kwa ukuukuu umekuwa mgumu, haulali sawasawa. Maji yakawa yateremka nyuma ya bakuli la choo kama utando mwembamba, bila ya sauti, wala sakafu isilowe. Boya likishuka kidogo, tangi la darini hulijaza tena lile la choo, usiku na mchana.

Mwenye kuidharau njia hiyo ndogo na afanye hesabu. Robo lita kwa dakika ni lita 15 kwa saa, na lita 360 kwa siku, yaani mitungi 18 ya mkokoteni. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja, ambacho hakifiki lita moja, na akioga kwa pishi. Mpira mmoja mkuukuu ulikuwa ukimwaga kila siku maji ya udhu zaidi ya 400.

Mama anayetaka kuijaribu nyumba yake hahitaji fundi. Natie rangi ya biriani kidogo katika tangi la choo, na asivute maji kwa muda wa nusu saa. Maji ya bakulini yakigeuka manjano, mpira huo wavuja. (Zafarani haihitajiki, ni ghali.) Natazame pia kama boya limewekwa juu mno, maji yakawa yajimwaga katika mrija wa kati. Familia ile ilinunua mpira mpya, na kijana wao akaukwangua ukingo akautia kabla ya Adhuhuri.

Ikabaki habari ya yule binti. Bwana alituuliza kama yatosha kumpelekea mshahara wake kwa simu. Tukamjibu kuwa mshahara ni deni, nalo lilipwe siku hiyo hiyo, lakini heshima yake ni haki nyingine isiyolipwa kwa fedha. Surat al-Hujurat, katika aya ya 12, imekataza dhana, na kupelelezana, na kusengenyana, na mambo yote matatu yalimfika mtu mmoja katika nyumba moja. Haki ya mja haifutwi kwa istighfari ya faraghani peke yake, yataka radhi ya mwenyewe. Na kwa kuwa alituhumiwa mbele ya majirani, basi hao majirani nao waambiwe kwa kinywa kile kile kwamba hakuiba.

Mama mwenye nyumba aliwazungukia majirani milango minne, wa kwanza yule wa ukuta mmoja. Siku ya pili yake akapanda matatu hadi Kaloleni pamoja na bibi mzee. Walipokewa vizuri, wakapewa madafu. Binti aliwasamehe mbele ya wazazi wake, akaupokea mshahara wake, na kazini hakurejea.