Timu Huhama, Historia Haihami

Jambo lililonifanya nishike kalamu ni dogo kwa sura, lakini ni zito kwa maana. Jioni moja hapa Maganzo, katika kibanda cha chai kando ya barabara kuu iendayo Mwanza, vijana walikuwa wakitazama kandanda kwenye televisheni. Uwanjani walikuwamo Singida Black Stars. Fundi mmoja wa pikipiki akasema kwa sauti, "Hawa ndio waliovunja ile rekodi ya Yanga ya mechi 49!"

Dereva wa lori la mchele aliyekuwa ameketi pembeni akaweka kikombe chini. Alitueleza kuwa kwao ni Ubaruku, wilaya ya Mbarali. "Mdogo wangu," akasema, "siku ile mimi nilikuwepo uwanjani. Singida haikuwepo." Ukazuka ubishi. Hatimaye wakanigeukia mimi: "Mwalimu, wewe umefundisha historia hadi chuo cha ualimu. Nani mkweli hapa?"

Nilimjibu kila mmoja kwa maneno machache, kwa kuwa dereva alikuwa na safari. Jibu kamili ni hili.

Kwanza tuyaweke mambo yenyewe wazi. Tarehe 29 Novemba 2022 timu ya Ihefu iliifunga Yanga mabao 2-1 katika uwanja wa Highland Estates, Ubaruku. Yanga ilikuwa imecheza mechi 49 za ligi bila kufungwa. Oktoba 2023 Yanga ilirudi palepale, ikafungwa tena 2-1. Mwanzoni mwa mwaka 2024 Ihefu ikahamishiwa Singida, na kabla ya msimu uliofuata ikapewa jina la Singida Black Stars.

Singida nako kulikuwa na timu nyingine. Mwaka 2022 timu ya DTB ya Dar es Salaam ilipanda daraja, ikahamia Singida na kuitwa Singida Big Stars. Msimu wa 2022/23 ilishika nafasi ya nne katika Ligi Kuu. Mwaka 2023 ikaitwa Singida Fountain Gate, mwaka 2024 ikapelekwa Mwanza, kisha ikatua Babati kwa jina la Fountain Gate.

Sasa, ndugu msomaji, fanya hesabu. Ikiwa historia hufuata cheti cha usajili, basi nafasi ya nne iliyoshangiliwa na watu wa Singida ni mali ya Babati, na ushindi ulioshangiliwa na watu wa Ubaruku ni mali ya Singida. Kila mji umevishwa kanzu ya mwenzake. Hesabu inayotoa jibu kama hilo ina kosa mahali fulani, na mwalimu yeyote angemrudishia mwanafunzi daftari lake.

Kosa ni kudhani kuwa historia ya timu ni sehemu ya bidhaa inayouzwa. Tuchunguze ni kitu gani hasa huibeba.

Je, ni jina? La hasha. Simba iliitwa Sunderland hadi mwaka 1971. Jina lilibadilika, lakini hakuna aliyesema Simba ilizaliwa mwaka huo, maana ilibaki Msimbazi na watu walewale. Je, ni wachezaji? Hapana pia. Mgogoro wa Yanga wa miaka ya sabini ulizaa Pan African mwaka 1976, na wachezaji wenye majina makubwa wakaondoka. Vikombe vya Yanga havikuwafuata, vilibaki Jangwani. Je, ni mmiliki? Sisi wa Maganzo tunalo jibu mlangoni petu. Mgodi wa Mwadui, aliougundua John Williamson mwaka 1940, umepita katika mikono mingi: yeye mwenyewe, kampuni ya De Beers, Serikali, De Beers tena, kisha Petra Diamonds mwaka 2009. Shimo liko palepale. Hakuna mwekezaji aliyewahi kusema kuwa kwa kununua mgodi amenunua pia jasho la wazee wetu waliochimba kabla yake.

Kinachobaki ni watu na mahali pao. Hao ndio hubeba historia, kwa sababu walikuwepo. Hata jina lenyewe linashuhudia: Ihefu ni bonde la maji la Usangu, ambalo maji yake huingia Mto Ruaha Mkuu. Timu ilipohama, jina lilibaki nyuma. Bonde halipandi basi.

Wapo watakaosema, "Mzee, mwenye timu ndiye aliyelipa mishahara, basi la timu na posho. Mbona hao wa Ubaruku hawakuichangia?" Hoja hii ina uzito, na siidharau. Mwenye fedha ana haki ya nafasi yake katika ligi, mikataba ya wachezaji na mipira yake. Akiona hasara, ahame. Sheria ikimruhusu, simfungi kamba. Ninachokataa ni yeye kuondoka na siku ambayo haikuwa yake peke yake. Aliyelipia ngoma ya harusi hawezi kudai kuwa harusi ilikuwa yake.

Wala sisi si wa kwanza kukutwa na jambo hili. Uingereza, klabu ya Wimbledon, iliyotwaa Kombe la FA mwaka 1988 kwa kuifunga Liverpool, ilihamishiwa Milton Keynes mwaka 2003. Mashabiki walikuwa wamekwisha kuunda klabu yao, AFC Wimbledon, mwaka 2002. Baada ya ubishi mrefu, mwaka 2007 heshima za klabu ya zamani zilikabidhiwa kwa halmashauri ya Merton, yaani nyumbani kwa Wimbledon. Marekani, mwenye timu ya Cleveland Browns alipoihamishia Baltimore mwaka 1996, ilikubaliwa kwamba jina, rangi na kumbukumbu zote zibaki Cleveland. Baltimore ilihesabiwa kuwa timu mpya, na Cleveland ikapata timu yake tena mwaka 1999. Hizo ni nchi ambazo fedha inaheshimiwa sana, na bado zilitambua kuwa kuna kitu fedha haikukinunua.

Nasema haya nikiwa na hofu yangu. Oktoba 2019 Mwadui iliifunga Simba bao 1-0 katika uwanja wa Kambarage, Shinyanga. Usiku ule Maganzo haikulala. Watu wazima walikimbia barabarani kama watoto. Mwaka 2021 Mwadui ilishuka daraja. Sasa tuseme siku moja mtu anainunua nafasi ya timu hii na kuipeleka mbali. Je, mjukuu wangu ataambiwa kuwa bao lile lilifungwa na mji ambao siku ile haukujua hata kama kuna mechi? Nikiwa hai nitakataa. Nikiwa sipo, karatasi hii ikatae kwa niaba yangu.

Hivyo naiomba TFF na Bodi ya Ligi wafanye mambo matatu, ambayo gharama yake ni wino tu. Timu ikihama mkoa, kumbukumbu zake zifungwe kwa jina na mahali pa zamani, na timu ianze ukurasa mpya. Vikombe vilivyopatikana kabla ya kuhama vikabidhiwe kwa halmashauri ya mahali vilipopatikana. Na watu wa pale wakiunda timu nyingine siku za usoni, wapewe haki ya kwanza ya kutumia jina lile na kuuendeleza ukurasa wao.

Yule fundi wa pikipiki hakuwa mwongo. Alirudia aliyoyasikia, na kosa ni letu sisi tunaoandika na kutangaza. Dereva alilipa chai yake, akatuaga, akapanda lori. Nilimwambia, "Ukifika kwenu, waambie walioiona mechi ile waiandike." Akajibu, "Mwalimu, nani atasoma?" Nikamwambia mimi nitasoma.