Pikipiki kuukuu iliyo nyuma ya nyumba

Juma hili hatusemi juu ya shaba wala kobalti. Tunasema juu ya ile pikipiki kuukuu iliyolala nyuma ya nyumba, imefunikwa plastiki nyeusi, kuku wanataga chini yake, na baba wa nyumba anarudia kila mwaka kwamba ataifufua.

Jambo hili limeletwa mkutanoni na wenzetu wa hapa hapa Kapata ambao waume wao wameanza kweli. Wamefungua pikipiki na kuitandaza vipande vipande barazani. Mama mmoja analalamika kwamba esansi inanuka mpaka ndani ya bukari. Mwingine alikwisha kumwita mnunuzi wa mitraye, yule wa mkokoteni na mizani, aipime kwa kilo ili minervali ya mtoto ilipwe. Mume aliporudi, hawakusemezana siku tatu. Basi tumeombwa tuseme neno. Tunalisema mapema ili asiye na nafasi ya kusoma mpaka mwisho alipate: msiuze kwa kilo kabla ya kujua ni kitu gani, na msimwachie mzee atengeneze peke yake kwa fedha ambazo hakuna anayezihesabu.

Kwanza tuwaelewe. Wazee wengi wa Kapata walikuwa watu wa Gécamines. Mwaka wa 1986 kampuni hiyo ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Mwaka wa 1994 zilikuwa zimebaki tani kama 30,000. Kisha, kuanzia mwaka wa 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango ule ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, kwa fedha za Benki ya Dunia. Tunajua sote hiari hiyo ilikuwa ya namna gani. Mtu aliyeamka saa kumi na moja kwa miaka 25, mwenye mikono inayojua ufunguo wa 10 na wa 13 hata gizani, akawa anakaa kwenye kiti akiangalia barabara. Sisi tuliendelea kwenda sokoni na shambani, kazi zetu hazikusimama. Zao zilisimama siku moja. Kwa hiyo mzee anapoinama juu ya moteri na kuuliza nani amechukua bisibisi yake, msione uchafu tu. Kuna wake wanaosema kwamba tangu pikipiki ifunguliwe, mume anarudi kula saa sita na anazungumza na watoto.

Lakini fedha ni fedha. Mzee akisema ataimaliza na kuiuza kwa dola nyingi, msikilize kwa heshima, usimwamini. Anayetaka kazi ya teksi anatafuta pikipiki mpya ya Kichina au ya Kihindi, si hii. Mara nyingi piesi na rangi vitakula fedha kuliko bei yake. Huu ni mchezo, kama wengine wanavyocheza kwa chupa za Simba kila Jumamosi, na mchezo huu una nafuu kwamba kesho yake kitu kinabaki barazani. Ukiitwa mchezo waziwazi, unapata mfuko wake. Njia iliyofaa kwa wenzetu wawili ni hii: mkebe mmoja, kiasi kilichokubaliwa kila mwezi, na daftari ambamo kila piesi inaandikwa pamoja na bei. Daftari linakaa kwa mama. Mkebe ukiisha tarehe 12, kazi inayobaki ni kusugua kutu, nayo hailipiwi. Fedha za likelemba hazigusi mkebe huo hata kwa siku moja. Na minervali inatangulia: shule za msingi za serikali zimekuwa bila malipo tangu mwaka wa 2019, lakini za sekondari bado tunalipa, na mkuu wa shule hapokei karburateri.

Sasa tuje kwa pikipiki yenyewe, kwa sababu mama anayejua majina hadanganywi.

Ikiwa ni Honda CG125, mna bahati. Honda waliitoa mwaka wa 1976 kwa ajili ya nchi za vumbi na barabara mbaya, ambako mtu hafungui moteri mpaka imesimama. Waliifanya iwe rahisi na ngumu. Baadaye viwanda vya China viliiga moteri ile, na teksi nyingi zinazopita barabarani leo zina wajukuu wake. Ndiyo maana pete za pistoni, nyaya za freni au karburateri vinaweza kupatikana sokoni bila kuagiza mbali. Si zote zinaingia. Mzee aende na piesi ya zamani mkononi, aiweke ubavuni mwa mpya, apime. Kwenda na jina tu ni kurudi na kitu kisichoingia, na muuzaji harudishi franka.

Ikiwa ni Yamaha AG100, ile iliyofanywa kwa ajili ya watu wa mashamba, yenye chuma cha kubebea mzigo mbele na nyuma, moteri yake inachoma oili pamoja na esansi. Moshi wa bluu kidogo kwake si ugonjwa. Ina pampu ndogo inayoleta oili yenyewe. Pampu hiyo ikiwa imekufa na hakuna aliyechanganya oili ndani ya esansi, pistoni inakwama baada ya mwendo mfupi, na fedha zote za mkebe zimeungua. Muulizeni mzee swali hilo moja, juu ya pampu. Atashangaa mmelitoa wapi.

Na ikiwa chini ya plastiki kuna chuma kizito chenye herufi FN, au jina Saroléa au Gillet, hapo simameni. Hizo ni za Ubelgiji, za viwanda vitatu vya mji mmoja, Herstal, karibu na Liège. Wabelgiji waliziita mabinti wa Herstal. Viwanda vyote vitatu viliacha kutengeneza pikipiki zamani, mpaka kufikia mwisho wa miaka ya 1960. Ulaya kuna watu wanaotafuta hata kifuniko cha tangi lake. Pikipiki ya namna hiyo msiipake rangi ya nyumba, msikwangue namba zilizopigwa kwenye chuma, na mnunuzi wa mitraye asiione kabisa.

Kazi ina utaratibu wake, na utaratibu ukivunjwa ni mama anayebaki na magunia ya vyuma. Pikipiki nyingi haziuawi na kutu, zinafia ndani ya gunia, baada ya mtu kufungua kila kitu kwa siku moja na kusahau nini kilikuwa wapi. Kabla ya kulegeza kitu, kipigwe picha kwa simu. Kila sehemu na kopo lake, na karatasi ndani ya kopo. Watoto wanaweza kuandika karatasi hizo, wanapenda.

Kitu cha kwanza kujua, kabla ya kutoa hata franka 1,000, ni kama moteri inazunguka. Ikiwa imekwama, wasiikanyage kwa nguvu. Watoe buji, wamimine ndani mazuti kidogo na oili, waache juma zima, kisha waweke vitesi ya juu na kusukuma gurudumu la nyuma polepole, mbele na nyuma. Siku ya nane mara nyingi inaachia. Karburateri inafunguliwa na kuoshwa. Vitundu vyake vidogo havichokonolewi kwa sindano ya chuma, vinapanuka na pikipiki itakunywa esansi kupita kiasi. Uzi mmoja mwembamba wa shaba kutoka ndani ya waya wa umeme unatosha. Hicho Kolwezi haikikosi. Tangi lenye kutu ndani linatiwa siki na kokoto safi, linatikiswa, linalazwa usiku mmoja, linaoshwa kwa maji yenye bikarbonati, linakaushwa vizuri juani. Likikauka lipakwe oili ndani siku ileile, la sivyo jioni kutu imerudi.

Hapa ndipo tunataka mtusikilize kuliko mahali pote.

Esansi haiwekwi kamwe katika chupa ya maji au ya fanta. Tumezoea kuiona hivyo kando ya barabara kwa wale tunaowaita kadafi, lakini nyumbani mtoto mwenye kiu hasomi. Ikitokea mtoto amekunywa, msimtapishe. Msimpe maziwa wala mafuta. Esansi ikirudi juu inaingia kwenye mapafu, na hapo ndipo inapoua. Mpelekeni kituo cha afya mara moja, na mchukue chupa yenyewe ili muuguzi aone ni kitu gani.

Harufu ya esansi ni nzito kuliko hewa. Inatambaa chini kama maji, inafika kwenye mbabula iliyo mbali, na moto unarudi nayo. Siku ya kuosha piesi kwa esansi, mbabula ihame upande mwingine wa parseli au bukari ipikwe kabla. Bora zaidi waoshe kwa mazuti, inachelewa kushika moto.

Tangi lililotoboka lisichomelewe nyumbani. Hata likikauka, hata likiwa tupu tangu mwaka jana, mvuke uliobaki ndani unalipuka kama bomu. Hiyo ni kazi ya fundi anayejua kuosha tangi mara nyingi na kulijaza maji kwanza. Fundi akisema si lazima, tafuteni mwingine.

Rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi, na freni za miaka ile ziliweza kuwa na amianti. Vumbi la vitu hivyo viwili halionekani kuwa baya, halikohozeshi siku hiyohiyo. Watoto wetu wana mavumbi ya kutosha kutoka machimboni na barabarani, wasiongezewe haya. Rangi isuguliwe ikiwa imelowa maji, mbali na chakula. Freni isipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu, ifutwe kwa kitambaa kilicholowa. Nguo za kazi zifuliwe peke yake. Mama mwenye mimba akae mbali na kazi hiyo, asiombwe hata kushika taa.

Na siku moteri itakapowaka, iwake nje. Ndani ya chumba kilichofungwa moshi wake unaua bila kelele.

Tumeulizwa pia kama msichana anaruhusiwa kushika ufunguo. Swali hilo limetoka kwa bibi mmoja tunayemheshimu, kwa hiyo tunamjibu kwa kisa. Desemba 1934, wanawake wawili wa Uingereza, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, waliondoka London kwa pikipiki moja aina ya Panther yenye kiti cha pembeni na mkokoteni nyuma. Walivuka Sahara, wakapita bara letu lote, wakafika Cape Town mwaka wa 1935. Moteri iliwaharibikia jangwani, kwenye njia ya Agadez. Hakukuwa na fundi wa kumwita. Ujuzi wa Wallach mwenyewe ndio uliowafaa. Bibi, tunakuomba umwache mjukuu. Binti wa miaka 14 anayejua kwa nini buji ni nyeusi hatadanganywa na garaji atakapokuwa na pikipiki yake ya kwenda kazini.

Neno juu ya karatasi, fupi. Namba iliyo kwenye fremu na ile ya moteri zisomwe na kuandikwa kwenye daftari siku ya kwanza. Kama ipo karte rozi, zilinganishwe. Kama pikipiki ilinunuliwa kwa mtu na hakuna karatasi ya mauzo, mzee amtafute huyo mtu au watoto wake sasa, wakati bado wanakumbuka, kabla ya kununua rangi. Kuzunguka ndani ya parseli ni mchezo. Kutoka barabarani kunataka freni zinazoshika, taa, plaki, asiranse, na kaske kichwani mwa mzee, hata kama anaenda kwa jirani tu kujionyesha. Ataenda kujionyesha, hilo tunalijua.

Jumamosi, baada ya mkutano, kila aliye na piesi ya pikipiki ya zamani nyumbani ailete, tuzitandaze juu ya meza tujue nani ana nini. Kubadilishana kunaruhusiwa, kuuza hapana. Mama mmoja amekwisha kusema kwamba ana taa ya mbele ya Yamaha, bila kioo, ambamo ameweka chumvi tangu watoto wake wakiwa wadogo. Anakubali kuitoa. Anataka bakuli lenye kifuniko.