Mustang ya Staa ni "Mchuma", Pijo ya Mzee wa Nzega ni "Mkweche"? Hapana Aisee

Wiki moja, picha mbili. Ya kwanza ni ya staa mmoja wa muziki, jina liachwe, kaegemea Ford Mustang ya 1967, nyekundu inayowaka, rimu zinang'aa, miwani usoni usiku wa manane. Komenti zikamiminika: mchuma huo, baba lao, wengine wabaki na Vitz zao. Ya pili ilitupiwa na binti mmoja anayesoma Dar. Babu yake, fundi mstaafu wa Nzega, kasimama na baraghashia yake kichwani na grisi mikononi mbele ya Peugeot 404 pikapu. Rangi imefifia, mlango mmoja ni wa bluu na mwingine wa maziwa. Komenti zikawa za aina nyingine: "mkweche", "peleka skrepa", "babu apumzike jamani".

Magari yale yamepishana mwaka mmoja tu. Yote mawili yanatumia kabureta, yote hayana kompyuta hata ya dawa, yote ni ya zama ambazo wazazi wa waliokomenti walikuwa hawajazaliwa. Moja likaitwa utajiri, jingine likaitwa aibu ya familia. Hapo ndipo pana tatizo, na wala si la staa peke yake.

Tuanze na Mustang, maana ndiyo inayowatoa watu udenda. Ukweli ambao wengi hawaujui ni kwamba haikutengenezwa kwa ajili ya matajiri. Ilizinduliwa New York tarehe 17 Aprili 1964, bei ikianzia dola 2,368, ikilengwa vijana wa kazi za kawaida waliotaka kitu chenye sura. Ndani ya miaka miwili ziliuzwa zaidi ya milioni moja. Kilichoipandisha hadhi huku kwetu ni muvi. Kizazi kizima kilikaa kwenye vibanda umiza kikitazama Fast & Furious ya 2001, ile Dodge Charger ya 1970 ikinyanyua matairi ya mbele huku mtafsiri akipiga kelele kwa Kiswahili. Tangu siku hiyo, kwa kijana wa mjini, gari la zamani maana yake ni la Marekani, tena V8.

Sawa, ndoto hazina kodi. Gari lina kodi. Kwa viwango vya Tanzania vya miaka ya karibuni, gari la kutembelea linaloingia nchini lina ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 10 kama injini inazidi cc 2000, asilimia 30 nyingine kwa kosa la kuzidi miaka kumi, kisha VAT asilimia 18 juu ya yote hayo. Piga hesabu mwenyewe: kodi inaizidi thamani ya gari lenyewe lilivyofika bandarini. Ndiyo maana mtu akifanikiwa kulitoa anataka dunia nzima ijue, na kwa hilo hakuna wa kumlaumu.

Tena hapo bado barabara. Mustang hazikutoka kiwandani na usukani wa kulia hadi zile za kizazi cha 2015. Ya 1967 usukani uko kushoto, labda mtu aliuhamisha. Hebu iwazie barabara ya Singida kwenda Nzega saa kumi jioni, nyuma ya semi-trela la Rwanda lililojaza mzigo. Dereva wa usukani wa kushoto haoni mbele mpaka atoe nusu ya gari kwenye upande wa wenzake. Anahitaji konda wa kumwambia "twende". Labda ndiyo sababu mchuma wa staa unaonekana zaidi umeegeshwa.

Kuegeshwa si dhambi. Lakini minong'ono ya mjini inasema mchuma ule miezi minne baadaye ulionekana juu ya gari la kuvuta, na aliyeitwa kuutengeneza alikuja na mashine ya kupima akatafuta pa kuichomeka. Hakuna pa kuichomeka! Injini ile inataka mtu anayesikiliza. Inataka anayejua kwamba silinda hedi za zama zile zilizoea petroli yenye madini ya risasi, na kwamba petroli hiyo ilishaondoka sokoni kwetu tangu 2006, kwa hiyo sehemu valvu zinapokalia zinaliwa taratibu zisipowekewa vyuma vigumu. Hela ya staa iliishia kwenye rangi na rimu. Sikio halikununuliwa.

Na sikio lenyewe lipo Nzega.

Nzega wengi wanaijua kwa dirisha la basi: njia panda ya Tabora na Mwanza, malori yamejipanga, mahindi ya kuchoma, safari inaendelea. Wenye kumbukumbu wataongeza mgodi wa dhahabu wa Golden Pride uliofungwa 2014. Kabla ya lami, nchi hii ya Wanyamwezi ilijulikana kwa watu waliobeba mizigo kwa miguu kutoka bara hadi Bagamoyo na kurudi. Kwa hiyo chombo cha safari huku hakijawahi kuwa pambo. Kisipofika, mzigo umelala.

Yule mzee amelala chini ya 404 kwa miaka mingi kuliko umri wa staa. Gasketi anaikata mwenyewe kwa mkasi. Bushi anazichonga kwa mpira wa tairi la lori. Mwanya wa pointi anaupima kwa karatasi ngumu ya pakiti ya sigara, na yeye havuti. Kabureta anaifungua, anaiosha kwa petroli, anaipuliza, anairudisha, halafu anasimama kimya kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari. Ikikohoa mara moja anajua ni hewa. Ikikohoa mara mbili anajua ni moto. Wa Marekani wana jina zuri na vipindi vya TV kwa kazi hiyo hiyo. Tena wao wana afadhali kubwa, maana spea za Mustang bado zinatengenezwa mpya, hadi bodi zima. Mwenye hela anaagiza kwa simu. Mzee hana pa kuagiza, anatengeneza.

Watakaosema Pijo haina historia ya mbio wakae mkao wa kusoma. Mwaka 1964 Wamarekani walikuja wenyewe kwenye East African Safari na Mercury Comet sita za V8. Mwaka mmoja nyuma, Comet zilikuwa zimekimbizwa Daytona, Florida, maili 100,000 kwa mwendo wa wastani wa zaidi ya maili 105 kwa saa. Walikuja na fedha, mafundi na majigambo. Barabara za huku zikawapokea kwa mvua, matope na mashimo. Sita zilianza, mbili zikamaliza, nazo ziliburuza mkia: nafasi ya 18 na ya 21. Sasa linganisha: Peugeot 404, kagari ka lita 1.6, ilishinda mbio hizo 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 na 1968 yalimaliza magari saba tu. Na aliyeshinda 1966 na 1967, Bert Shankland, alikuwa mkazi wa Dar es Salaam. Yaani mshindi wa mara mbili alitoka nyumbani, akiendesha gari la aina ambayo leo inaambiwa ipelekwe skrepa.

Basi kama hoja ni "performance", neno wanalolipenda, hiyo ndiyo performance ya barabara zetu.

Kenya wamewahi kulishtukia hili mapema. Tangu 1970 Nairobi wana maonyesho ya Concours d'Elegance, yanayoandaliwa na klabu ya wenye Alfa Romeo, pale Ngong. Waamuzi wanakagua injini, wanachungulia uvunguni, wanafungua milango. Hawaulizi ulinunua shilingi ngapi, wanatazama umelitunzaje. Huku kwetu mwamuzi ni kidole gumba kwenye simu, na kidole hakichungulii uvunguni.

Kuna watakaojibu kwamba mzee hana chaguo, kwamba anaendesha mkweche kwa sababu ya umaskini na sio mapenzi. Ipo kweli ndani yake. Pikapu ile ilibeba tumbaku na mpunga, ikasomesha watoto, haikununuliwa ikae uani. Lakini alipopata hela ya mpunga miaka fulani, wanawe wakamshauri achukue Noah, akaenda kununua kioo cha mbele cha 404. Umaskini haununui kioo hicho.

Kinachouma zaidi ni mrithi. Wanawe wako mijini, mmoja anauza simu, mwingine yuko ofisini, na hakuna anayetaka kuchafua kucha. Mafundi wachanga wa magari wamekulia kwenye injini za kompyuta. Wanaoielewa kabureta bila kufundishwa ni wale vijana wa kutengeneza bodaboda, kwa sababu Boxer na SanLG zina kabureta vilevile. Mmoja wao pale Nzega huwa anapita jioni. "Shikamoo mzee, leo inasemaje?" Mzee anamjibu marahaba na kumpa bisibisi. Hakuna cheti wala ada. Huyo kijana ndiye staa wa Mustang angepaswa kumtafuta, ampe nauli, amlaze hoteli nzuri ya Dar siku tatu. Angelipa kidogo kuliko alivyolipa rimu moja.

Binti aliyetupia picha alizifuta baada ya siku mbili, kejeli zilimzidi. Picha ya Mustang bado ipo. Wanunuzi wa chuma chakavu nao hawasomi komenti, wanatembea na mizani: wameshapita kwa mzee mara mbili, na wajomba wa yule binti wameanza kuuliza 404 inaweza kuwa na kilo ngapi.