Nyasi za Plastiki: Niliwaonyesha Siku ya Kwanza Tu

Wasee, leo sina muziki wala picha za kutoka juu. Nina deni.

Mwaka jana niliweka video ya boma letu hapa Mau Narok, wengi mnaikumbuka. Nilikuwa nimeacha chuo miezi saba, na mathe bado alikuwa anawaambia watu wa kanisa kwamba niko likizo. Pesa yangu ya kwanza ya maana kutoka kwa kontenti nikamnunulia nyasi bandia, mita 20 za mraba, nikatandika mbele ya nyumba ili matope yasiingie sebuleni. Komenti zikajaa: "Umetoboa!"

Kilichofuata sikuwaonyesha. Miezi mitatu baadaye mathe aliweka jiko nje moshi uishe, kaa moja likaanguka. Nyasi hizi nyingi ni polithini, na polithini huyeyuka kabla hata ya kufika nyuzi 140. Kaa la moto linapita hapo mbali sana. Likabaki tundu jeusi, ukubwa wa sufuria. Mathe akalifunika na kiti. Na mimi nikaanza kurekodi video zangu nikiwa upande ule mwingine.

Ningeendelea hivyo kama si jirani yetu, mama mmoja mkulima. Aliona ile video, akauza viazi, akanunua nyasi kama zetu. Mwezi uliopita alikuja akasimama langoni.

"Kijana, zile nyasi zako zimekufa. Sasa zinakufaje na hazikuwa hai?"

Nikaenda kuona. Fuko alikuwa amepita chini, udongo umeinuka kama mgongo wa ng'ombe, mahali pa kuungia pamefunguka na maji yamelala. Fundi aliyempigia simu alimwambia ang'oe zote anunue mpya. Elfu thelathini! Hiyo ni pesa ya mbegu na mbolea ya msimu.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya: sisi watu wa kontenti tunauza siku ya kwanza. Kitu kikiharibika tunageuza kamera, na aliyetuamini anabaki na hasara akidhani kosa ni lake. Ukionyesha watu kitu wanunue, una jukumu la kuwaonyesha kinavyoharibika na kinavyotengenezwa.

Sasa nilipe deni. Nilianza na tundu letu, nikaharibu kipande kimoja kwanza, cha pili kikakubali.

Usikate duara. Geuza nyasi uone mistari ya mshono upande wa nyuma, kisha kata mraba ukipita katikati ya mistari, kwa kisu kikali. Ukikata juu ya mshono, nyuzi zitang'oka moja moja. Hicho kipande kilichoungua kitumie kama kipimo cha kiraka.

Kiraka usichukue kipya, rangi itakutoa aibu kwa sababu jua limeshafifisha zile za zamani. Mimi nilikata nyuma ya tangi la maji, halafu kule nyuma ya tangi ndiyo nikaweka kipande kipya. Pitisha mkono uone nyuzi zinalala upande gani. Kiraka kikilala kinyume kitaonekana hata kutoka barabarani.

Chini weka tepu pana ya kuungia, paka gundi isiyoogopa maji, bandika, weka mawe juu, na usikanyage hadi kesho yake. Hapa kwetu subiri siku ya jua. Mara ya kwanza nilibandika asubuhi ardhi ikiwa na umande, jioni kiraka kikatoka chote kama stika. Nilitumia 1,450 pamoja na nauli ya kwenda Njoro kutafuta gundi.

Kwa jirani, gundi peke yake haingesaidia. Tulifunua nyasi, tukamshughulikia fuko kwanza, tukajaza mashimo na vumbi la kwari, tukashindilia tukiacha mteremko kidogo maji yatoke, ndipo tukaunga. Ukiunga juu ya ardhi mbovu, wiki mbili tu unarudi palepale.

Najua mtasema, "Si angeng'oa tu aache nyasi za Mungu?" Kama hujanunua, nakubaliana na wewe kabisa. Nyasi bandia zilipata umaarufu mwaka 1966 katika uwanja wa Astrodome kule Houston, kwa sababu zile halisi zilikufa kwa kukosa jua chini ya paa. Sisi tuko huku juu, mvua ipo, na ile nyasi ya Kikuyu inayopandwa mpaka Australia na California asili yake ni nyanda zetu hizi. Inatambaa yenyewe hadi kwenye shamba la viazi tunaing'oa kwa hasira. Ikiungua, inajitibu.

Lakini kama umeshanunua, kung'oa na kutupa ndiyo mbaya zaidi. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea Agosti 2017, halafu leo tutupe plastiki ya mita 20 kwa mtaro? Ukiichoma, moshi wake unauvuta wewe na watoto wako. Itengeneze ikae miaka yake, na unaponunua omba vile vipande vya kubaki uweke stoo.

Mathe ameondoa kiti. Jiko sasa linawashiwa upande wa jikoni, juu ya mchanga. Kwa jirani imebaki kona moja, narudi Jumamosi jua likiwaka. Nitarekodi, na video itaanza na tundu.

Kama yako imeharibika, tuma picha. Usiifunike na kiti.