Biakabutuka asikumbukwe kwa majeraha tu

Wapenzi wa futiboli ya Kimarekani, ule mpira wa kubeba mikononi na kuangushana, hupenda kuwasifu wachezaji wa zamani. Wakifika kwa Tim Biakabutuka, wengi husema tu: pole yake, majeraha yalimmaliza.

Hiyo si haki. Tshimanga Biakabutuka alizaliwa Kinshasa mwaka wa 1974, akakulia Kanada, karibu na Montréal. Tarehe 25 Novemba 1995, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan, alikimbia na mpira yadi 313, karibu mita 286, katika mechi moja. Ohio State walikuwa hawajafungwa msimu ule. Michigan wakawashinda 31 kwa 23. Mwaka wa 1996 alichaguliwa wa 8 kati ya vijana wote walioingia ligi kuu, akaenda Carolina Panthers. Goti na mguu vilimsumbua, akacheza mara ya mwisho mwaka wa 2001.

Mzazi aliye kambini, anayeogopa kwamba mtoto akikulia ugenini amepotea, amsimulie habari hii. Na ataje jina la nyumbani: Tshimanga.