Giaboksi za CVT: Hasara inayomwangukia mnunuzi wa mwisho wa gari la mtumba

MBARARA, Uganda – Malalamiko huanza kwa namna moja. Gari limejaa abiria na mizigo, linapanda vilima vya Isingiro, injini inanguruma lakini mwendo hauongezeki. Dereva anaegesha pembeni, anazima, anangoja ipoe, kisha anawasha na safari inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Baada ya siku kadhaa gari linaanza kutetemeka kila linapoondoka, na mwisho wake linakataa kabisa kwenda mbele au kurudi nyuma. Fundi akimwaga oili ya giaboksi anakuta chembechembe za chuma.

Kwa wafanyabiashara wanaotegemea barabara ya kutoka Mbarara hadi makazi ya wakimbizi ya Nakivale, umbali wa zaidi ya kilomita 50, hilo ni suala la biashara kabla ya kuwa suala la ufundi. Nakivale ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na ni miongoni mwa makazi makongwe ya wakimbizi barani Afrika. Wanaishi humo watu zaidi ya laki moja kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na kwingineko, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha za sokoni pale Base Camp. Sukari, sabuni, mafuta ya kupikia na nguo hutoka Mbarara. Mahindi, maharage na samaki wa Ziwa Nakivale huenda upande wa pili. Mizigo midogo ya namna hii haingoji lori lijae. Inapakiwa kwenye buti la Premio, Wish au Noah pamoja na abiria.

Giaboksi inapokufa, lawama hugawanywa haraka. Mwenye gari anamlaumu dereva kwa kujaza kupita kiasi, dereva anailaumu barabara ya vumbi, fundi anamlaumu fundi aliyemtangulia. Wote wanaweza kuwa na haki kidogo. Hata hivyo, vilima vya Isingiro havikuota jana, na Corona na Carina zilizopakiwa vivyo hivyo zilivipanda kwa miaka mingi. Kilichobadilika ni aina ya gari linaloingia nchini, na badiliko hilo lina tarehe.

Mstari wa miaka 15

Tarehe 1 Oktoba 2018 Uganda ilianza kutekeleza marekebisho ya sheria ya usalama barabarani yanayokataza kuingiza gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe. Siku hiyo mstari ulikuwa kwenye magari ya mwaka 2003. Kila mwaka unasogea mbele mwaka mmoja, na kufikia 2022 ulikuwa umefika kwenye magari ya 2007.

Mwaka 2007 si mwaka wa kawaida kwa mtu anayenunua gari la Kijapani. Premio ya kizazi cha kwanza, ile ya 2001 hadi 2007, kwa sehemu kubwa ilikuwa na giaboksi otomatiki ya gia nne. Nyingi za kizazi kilichofuata zikaja na CVT. Noah ya kizazi cha pili, iliyotoka mwaka huo huo wa 2007, nayo ina CVT. Nissan X-Trail pia: toleo la zamani lilikuwa na gia nne, lililoanza 2007 likawa na CVT. Wish ilichelewa kidogo, kizazi chake cha pili kilitoka 2009. Viwanda vya Japani vilikuwa vinatafuta kupunguza matumizi ya mafuta, na CVT ilikuwa njia ya kufika huko.

Kwa maneno mengine, sheria iliyotungwa kwa ajili ya hewa safi na usalama imekuwa pia sheria ya giaboksi, ingawa neno hilo halimo ndani yake. Tangu 2023, mtu anayekwenda bondi Kampala kutafuta Premio, Noah au X-Trail iliyoingizwa upya kwa kawaida anakuta CVT. Ile ya gia nne mara nyingi atainunua kwa mtu aliyeitumia tayari hapa nchini, ikiwa imeshakula barabara.

Kenya ilipita njia hii mapema zaidi. Kiwango chake cha miaka 8 kiliifanya Nairobi ikutane na magari haya wakati Kampala bado inapokea ya gia nne. Tanzania haikuweka marufuku, iliamua kuyatoza magari makuukuu kodi zaidi. Ndiyo maana dereva wa Kagera na dereva wa Isingiro, wanaotenganishwa na daraja la Murongo tu, wanaweza kuwa na matatizo tofauti na gari la jina lilelile.

Oili nyekundu ya dumu

Giaboksi ya gia nne ina meno na klachi. CVT ina puli mbili na mkanda wa chuma unaozunguka kati yake; puli zinabana na kuachia ili kubadilisha mwendo. Mkanda huo haushikwi na meno, unashikwa na msuguano, na msuguano huo unategemea oili iliyoundwa kwa kazi hiyo. Nissan inataka NS-2 au NS-3 kulingana na toleo. Toyota ina oili zake, TC na FE. Ukitia oili nyekundu ya kawaida ya otomatiki, ile inayopimwa kutoka kwenye dumu, mkanda unaanza kuteleza. Ukiteleza unakwaruza puli, vumbi la chuma linaingia kwenye vali, na kutoka hapo ni suala la muda.

Mabaya zaidi ni kwamba kosa halionekani siku hiyo. Gari linatoka gereji likienda vizuri, fundi analipwa, na ugonjwa unatokea baada ya wiki au miezi. Giaboksi nyingi za aina hii hazina hata kijiti cha kupimia oili. Kiasi chake hupimwa chini ya gari, oili ikiwa kwenye joto lililotajwa na kiwanda. Gereji isiyo na kompyuta ya kusoma joto hilo inakisia.

Joto ndilo adui mwingine. Oili ya giaboksi katika magari mengi hupozwa kupitia rejeta ya injini. Rejeta iliyoziba, mlima mrefu na Noah ya watu wanane iliyobeba kumi na mbili pamoja na magunia ya maharage huleta matokeo yanayojulikana. Gari linapojipunguzia nguvu lenyewe mlimani mara nyingi ni kinga ya kiwanda inafanya kazi. Dereva anayelikanyagia zaidi anaivunja kinga hiyo kwa mguu wake.

Tuchukue mfano wa kupigia hesabu tu, si bei za soko. Gari linabakiza shilingi 80,000 kwa siku baada ya mafuta. Giaboksi ya mtumba na ufundi ni milioni 3, na gari linalala gereji siku 14 wakati giaboksi inatafutwa Kisekka, Kampala. Mapato yaliyopotea ni 1,120,000. Jumla ni 4,120,000, yaani kazi ya siku 51 na nusu. Kubadilisha oili sahihi, tuseme lita 4 kwa 40,000 kila moja, ni kazi ya siku 2. Na giaboksi iliyonunuliwa, mara nyingi ikiwa imeshushwa kutoka gari lililokatwa Japani au kupitia Sharjah, inakuja na dhamana ya mdomo ya siku chache. Historia yake ya oili haijulikani kuliko hata ile ya kwanza.

Anayejua hasemi

Mwaka 1970 mchumi wa Marekani George Akerlof aliandika makala juu ya soko la magari yaliyotumika, na mwaka 2001 alikuwa miongoni mwa washindi wa Nobel ya uchumi. Hoja yake inaeleweka na dalali yeyote wa Mbarara: muuzaji anajua hali ya gari, mnunuzi hajui, hivyo mnunuzi anatoa bei ya wastani akiogopa kuuziwa bovu. Kwa bei hiyo mwenye gari zima haoni sababu ya kuuza. Mwenye bovu anaiona sana.

CVT inaongeza pengo hilo. Kutu inaonekana, tairi linaonekana, moshi unaonekana. Mkanda ulioanza kuteleza hauonekani kwa kuzunguka yadi mara moja gari likiwa tupu na barabara ikiwa tambarare. Ukaguzi unaofanywa kabla gari halijapakiwa melini unahusu usalama wa kutembea barabarani. Hauahidi giaboksi itafika lini. Karatasi ya mnada ya Japani husaidia kiasi, kwa kuwa huonyesha daraja la gari na mileji, na mnunuzi ana haki ya kuiomba. Bila hiyo hubaki hadithi ya kawaida ya bondi, kwamba gari lilikuwa la mzee wa Kijapani aliyekwenda nalo sokoni Jumapili tu.

Kwingineko malalamiko ya wamiliki yamepata pa kutua. Mwaka 2009 Nissan iliongeza dhamana ya CVT kwa magari yake ya 2003 hadi 2010 yaliyouzwa Marekani, kutoka miaka 5 hadi 10. Mwaka 2018 mahakama ya shirikisho ya Australia iliitoza Ford ya nchi hiyo faini ya dola milioni 10 za Australia kwa jinsi ilivyowatendea wateja waliolalamikia giaboksi ya PowerShift. Katika kesi zote mbili mnunuzi alikuwa na risiti ya gari jipya, muuzaji mwenye anwani na taasisi ya kumsikiliza. Dhamana ya kiwanda haipandi meli kuja Mombasa.

Mnunuzi wa Nakivale yuko mwisho kabisa wa mnyororo huo. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inamruhusu kufanya biashara na kumiliki mali inayohamishika, na wengi wanaitumia ruhusa hiyo. Lakini gari mara nyingi limenunuliwa kwa akiba ya kikundi au fedha iliyotumwa na ndugu aliye ng'ambo, na kadi ya gari bado ina jina la mtu wa tatu. Likiharibika, shauri hupelekwa kwa viongozi wa wakimbizi au mwenyekiti wa mtaa, ambao hawana namna ya kumfikia muuzaji wa Kampala.

Hata hivyo njia haijafungwa kabisa. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya 2017 inambana anayeuza kama biashara yake: bidhaa iwe na ubora unaofaa hata kama jambo hilo halikuandikwa. Kanuni za madai madogo za 2011 ziliweka kikomo cha shilingi milioni 10, zinahusu pia ugavi wa bidhaa, na wahusika hujieleza wenyewe bila wakili. Madai mengi ya giaboksi ya gari ndogo yangeingia humo. Kinachokosekana ni karatasi: makubaliano yanayotaja kwamba giaboksi ni nzima, jina halisi la muuzaji, na oili iliyotiwa. Makubaliano ya kawaida huishia kwenye namba ya injini na maneno kwamba mnunuzi ameridhika na hali ya gari. Kwa muuzaji, maneno hayo yana thamani kuliko giaboksi yenyewe.

Wenye malori madogo nao wasijione wako salama. Isuzu Elf zenye mfumo wa Smoother zimeshaingia, na Canter za Duonic, mfumo wa klachi mbili uliotoka Japani mwishoni mwa 2010, sasa zimefikia umri na bei ya mnunuzi wa kanda hii. Hizi pia hutaka kompyuta ya kiwanda, na shehena ya matoke ikikwama Isingiro haiwezi kungoja fundi kutoka Kampala. Anayeweza kupata gia za mkono bado anazipata kwenye malori kuliko kwenye gari ndogo.

Kwa gari ndogo, dirisha lililobaki ni Probox ya kizazi cha kwanza, yenye gia nne otomatiki au tano za mkono, iliyotengenezwa hadi 2014 kabla nayo haijatiwa CVT. Kwa sheria ya miaka 15, za mwisho zitaweza kuingia Uganda hadi 2029. Kenya imeshazifungia mlango.