Kazi ya Hatari Haianzi bila Cheti



Siku chache zilizopita alinijia kijana mmoja, mtoto wa kaka yangu, ambaye ni karani katika kiwanda. Tulipokwisha kunywa chai akanieleza lililomleta. "Baba mdogo," akasema, "nimechoshwa na kazi ya vyeti."

Nikamwuliza ni vyeti gani. Akasema kwamba katika kiwanda chao fundi akitaka kuingia ndani ya tangi, au kuchomelea chuma kwa moto, au kufungua mashine iliyokuwa ikizunguka, hana ruhusa ya kuanza mpaka apate cheti kilichoandikwa na kutiwa sahihi. Yeye ndiye mwenye kuviandika na kuviweka. Mafundi humcheka, wakimwita Bwana Karatasi. Tena msimamizi wake, kwa kutaka kazi iende mbio, siku hizi hutia sahihi vyeti vitupu ishirini kila asubuhi, kabla hajajua ni kazi gani itakayofanywa wala ni mahali gani, kisha humwachia kijana awagawie wanaokuja kuomba.

"Kila mtu amefurahi," akasema kijana, "ila mimi moyo wangu unasita. Je, pana ubaya, au ni woga wangu tu?"

Nilimjibu kwa kirefu. Na kwa kuwa najua kwamba wengi wenu ni makarani kama yeye, au ni wakulima wenye visima na mashine zenu, naona inafaa niyaandike hapa yale niliyomwambia.

CHETI CHENYEWE NI NINI

Cheti ninachokisema si kile kibali apewacho mgeni ili aajiriwe nchini. Hiki ni karatasi ya kazi moja, mahali pamoja, kwa muda uliowekwa. Huandikwa ndani yake kitu kitakachofanywa, na nani atakayekifanya, na tangu saa ngapi hata saa ngapi. Huandikwa hatari zilizopo, na mambo yaliyokwisha kufanywa ili kuziondoa: kwamba umeme umekatwa na swichi imetiwa kufuli, na ufunguo u mfukoni mwa fundi mwenyewe, kwamba mabomba yaletayo mvuke au mafuta yamefungwa, kwamba hewa ya ndani ya tangi imepimwa kwa chombo, kwamba penye kuchomelea amesimama mtu wa kulinda moto, na mtungi wa kuuzimia u karibu naye.

Anayetoa cheti hutia sahihi baada ya kupaona mahali pale kwa macho yake. Anayekipokea hutia sahihi kwamba ameyafahamu yaliyoandikwa. Kazi ikiisha, fundi hukirudisha, na mwenye mtambo huenda kutazama kabla hajaufungulia tena. Na kazi isipokwisha kwa saa iliyowekwa, cheti hakijiongezi chenyewe. Lazima kiandikwe upya, au kisimamishwe kwa maandishi yatakayoonwa na watu wa zamu ijayo.

Si kila kazi yahitaji hayo. Afagiaye ua haombi cheti. Bali kazi za moto, kazi za ndani ya mahali palipofungwa, kazi za umeme, kazi za juu sana, na uchimbaji wa mahali penye mabomba au nyaya chini ya ardhi, hizo haziwezi kuachiwa kumbukumbu ya mtu mmoja. Wazee wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Na uhai wa mtu ni mali ipitayo mali zote.

MOTO WA BAHARI YA KASKAZINI

Nikamwambia kijana, "Sasa nitakusimulia habari ya watu waliokuwa na vyeti, na bado wakafa."

Katika Bahari ya Kaskazini, yapata kilomita 190 kutoka mji wa Aberdeen huko Scotland, palikuwa na jukwaa kubwa la chuma lililoitwa Piper Alpha. Miguu yake ilisimama katika sakafu ya bahari, na juu yake watu walilala, wakala, na kufanya kazi ya kutoa mafuta na gesi. Usiku wa tarehe 6 Julai 1988 walikuwapo watu 226. Utaratibu wa vyeti ulikuwapo huko, na karatasi hazikukosekana.

Palikuwa na pampu mbili za kusukuma mafuta mepesi yatokanayo na gesi. Moja ilifanya kazi, na ya pili ilingoja zamu yake. Siku hiyo pampu moja ilikuwa imesimamishwa ili ifanyiwe matengenezo, na cheti cha matengenezo hayo kilikuwa kimeandikwa. Cheti cha pili kiliandikwa kwa ajili ya vali yake ya usalama, yaani ile iachiayo mkandamizo unapozidi. Mafundi waliiondoa vali ili waikague, lakini ilipofika saa kumi na mbili jioni ilikuwa haijarudishwa. Mahali pake paliachwa kifuniko cha chuma tu, na cheti kikasimamishwa ili kazi imalizwe kesho yake.

Saa ile ilikuwa saa ya kubadilishana zamu. Waliokuwa wakiondoka walikuwa na mengi ya kuwaeleza waliokuwa wakiingia, lakini habari ya vali haikufika masikioni mwa wale wa usiku. Na vyeti vilivyosimamishwa havikuwekwa katika chumba cha kuongozea mitambo. Viliwekwa katika ofisi nyingine.

Yapata saa nne kasoro robo usiku, pampu iliyokuwa ikifanya kazi ilisimama, ikakataa kuwaka. Watu wa zamu walijua habari za cheti cha kwanza, na walijua pia kwamba matengenezo yale ya pampu yalikuwa hayajaanza. Basi wakaona hapana ubaya kuirudisha kazini. Cheti cha pili hawakukijua. Na mahali pa vali palikuwa juu, wala hapakuonekana na mtu aliyesimama penye pampu. Wakaiwasha.

Gesi ikavuja, na saa nne usiku ukatokea mlipuko. Pampu za maji ya kuzimia moto zilikuwa zimeondolewa katika hali ya kujiwasha zenyewe, kwa sababu wapiga mbizi walikuwa wakifanya kazi majini, na palikuwa na hofu wasije wakavutwa na mkondo wa maji. Na baada ya mlipuko hakuna aliyeweza kuzifikia ili aziwashe kwa mkono. Majukwaa mengine mawili yaliyounganishwa na lile kwa mabomba yaliendelea kusukuma kwa muda, hali moto ulionekana. Baada ya dakika 20 hivi bomba kubwa la gesi likapasuka, na moto ukawa hauna kizuizi. Watu wengi walikuwa wamekusanyika katika jengo la malazi wakingojea amri ya kuondoka, na amri haikuja.

Waliokufa ni 167, na wawili kati yao walikuwa waokoaji waliokuja kwa mashua. Watu 61 tu wa jukwaa lile ndio waliookoka. Serikali ya Uingereza ikamteua jaji wa Scotland, Lord Cullen, aongoze uchunguzi. Ripoti yake ilitolewa Novemba 1990, ikiwa na mapendekezo 106. Aliona kwamba yaelekea gesi ilivuja pale palipokuwa na kifuniko, na kwamba utaratibu wa vyeti na wa kupokezana zamu ulikuwa umelegea tangu zamani.

TUNAJIFUNZA NINI

Kijana alinyamaza. Kisha akasema, "Kumbe cheti kilikuwapo."

Naam, kilikuwapo. Kilikuwa na maandishi, na kilikuwa kimewekwa mahali. Kilichokosekana ni macho ya kukisoma na kinywa cha kukisema. Hili ndilo nililotaka alielewe, nanyi wasomaji mlielewe. Cheti hakizuii gesi kuvuja, wala hakikati umeme. Kazi yake ni kuchukua neno kutoka kwa anayejua, kulipeleka kwa asiyejua. Kikikaa kwenye faili bila kuonwa na mwenye kushika swichi, ni sawa na barua isiyotiwa katika sanduku la posta.

Ndiyo maana nikamwambia kwamba vyeti vitupu vyenye sahihi ni vibaya kuliko kukosa vyeti kabisa. Fundi asiye na cheti hujua kwamba hana ulinzi, naye hujitazama mwenyewe. Bali fundi mwenye cheti huingia ndani ya tangi akiamini kwamba kuna mtu aliyepima hewa. Sahihi ni ushahidi, na anayetia sahihi jambo asiloliona ametoa ushahidi wa uongo.

HATA SHAMBANI

Msiseme kwamba mambo haya ni ya viwanda vikubwa tu. Mkulima mwenye kisima ajua kwamba kila baada ya muda kisima hutaka kusafishwa. Mtu hushuka, na mara huanguka chini bila sauti. Nduguye humfuata ili amwokoe, naye huanguka. Wa tatu vivyo hivyo. Hapana uchawi hapo. Hewa tuivutayo ina oksijeni sehemu 21 hivi katika 100, na ndani ya shimo hewa nyingine nzito yaweza kuifukuza. Penye taka zilizooza hutoka gesi yenye harufu ya mayai viza, nayo ikizidi huua nguvu ya pua, hata mtu akadhani imekwisha kumbe ndiyo imekuwa nyingi. Basi asishuke mtu kabla hewa haijapimwa kwa chombo na wenye ujuzi. Na anayeshuka avae mkanda wenye kamba, na juu wabaki watu wa kutosha kumvuta, ambao wamekatazwa kabisa kumfuata.

Au fikirini kiwanda cha chama cha ushirika cha kahawa. Mashine ya kumenya buni imekwama. Fundi amepeleka mikono ndani akiondoa jiwe. Mwenzake atoka nje, haoni mtu, aona swichi imezimwa na wakulima wanangoja na magunia yao, basi aiwasha. Hakuwa na nia mbaya. Kufuli moja katika swichi ile, pamoja na kipande cha karatasi chenye jina la fundi, ingaliiokoa mikono ya mwenziwe. Tena aliyefunga kufuli ndiye wa kuifungua. Mwingine asiiguse, hata akiwa mkubwa wake.

Sheria nayo imesema. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini, ya mwaka 2007, yamtaka mwajiri atoe cheti cha namna hii kwa mfanyakazi anayeingia katika kazi ya hatari, kama kutengeneza boila, kuingia mahali palipofungwa, au kutengeneza mashine na mitambo ya umeme, na kimweleze tahadhari zipasazo. Sheria hiyo hiyo yamkataza mwajiri kumfukuza mtu kwa sababu tu amelalamika juu ya jambo analoliona kuwa si salama.

SHAURI LANGU

Kijana akaniuliza, "Basi nifanye nini? Nikikataa, msimamizi ataniona mtovu wa adabu. Nina mke na mtoto mchanga."

Swali lake lilikuwa la haki, wala sikulipuuza. Ni rahisi kwa mtu aliyeketi nyumbani kwake kumwambia mwingine awe shujaa. Nikamshauri asimwaibishe mkubwa wake mbele ya mafundi. Aende kwake peke yake, kwa heshima, amrudishie vile vyeti vitupu, amwambie: "Bwana, naogopa siku moja mtu atakufa, na jina litakaloonekana ni lako." Tena amsaidie kazi iwe nyepesi. Apange vyeti vya siku kwa mahali, si kwa tarehe tu, ili vyeti viwili vya mtambo mmoja visipotezane. Atundike ubao katika chumba cha mitambo, wenye kila cheti kilicho wazi na kila kilichosimamishwa. Na zamu inapobadilika, wanaotoka na wanaoingia wausome pamoja kwa sauti, mbele ya ubao. Hayo hayachukui zaidi ya robo saa. Na msimamizi akikataa bado, amwandikie barua ya adabu, aweke nakala, kisha ampelekee habari aliye juu yake au mkaguzi wa serikali.

Kijana aliondoka alasiri. Juzi nimepata barua yake. Asema kwamba msimamizi alikasirika kwanza, akanyamaza siku mbili, kisha akavichana vile vyeti yeye mwenyewe. Mafundi wangali wakimwita Bwana Karatasi. Lakini wiki hii mmoja wao, mzee kuliko wote, alirudi kutoka kwenye tangi bila kuingia, akamwambia, "Bwana Karatasi, hapa pameandikwa kwamba hewa imepimwa, nami sikumwona mpimaji. Mwite kwanza, nitangoja."

Wasomaji wangu, nanyi mlio makarani mkichekwa kwa ajili ya kalamu zenu, vumilieni. Na nanyi mlio mafundi, kabla hamjatia mkono, someni.